Gari Lililopita Bila Kulia

Inspekta alipiga magoti kwenye sakafu ya gereji, akainama mpaka shavu lake likakaribia saruji, akatazama mahali ambapo mpaka jana asubuhi palikuwa na gari. Sasa palikuwa na doa la oili, majani makavu yaliyopeperushwa na upepo, na harufu ya petroli.

"Afande, utachafua suruali," Sajini alisema kutoka mlangoni.

"Itafuliwa. Hebu nisimulie tena kwa nini tunamshikilia kijana wa watu mahabusu."

Sajini alishusha pumzi. Alikuwa mtu mzima mwenye masharubu yaliyochongwa vizuri, na kesi hii kwake ilikwisha tangu jana jioni.

"Gari dogo la michezo, jekundu, la viti viwili, la zamani kuliko mimi. Mwenyewe ni huyu mzee wanayemwita Fundi Saa, alikuwa anatengeneza saa kabla hajastaafu. Klachi ikafa. Mzee akasema gari halipelekwi kwa mtu, atabadilisha mwenyewe hapa hapa nyumbani. Akaja mpwa wake, wakalipandisha kwenye stendi za chuma, wakashusha giaboksi, wakatoa klachi mbovu. Kisha kazi ikasimama. Jana mzee na mkewe wakaenda kliniki. Waliporudi, hakuna gari."

"Endelea."

"Gari halina klachi, afande. Injini inaweza kunguruma mpaka ipasuke, matairi hayatajua. Kwa hiyo limevutwa. Na mpwa wake anafanya kazi gani? Ana gari la kuvuta magari mabovu. Na lilionekana mtaa huu jana mchana. Yeye anasema alikuwa anapita kwenda kumsaidia mtu aliyekwama barabara ya chini, akafika akakuta mtu huyo keshaondoka. Shahidi hana. Leo mchana anapelekwa mahakamani."

"Na mjomba wake anasemaje?"

"Hasemi. Amekaa sebuleni kama amefiwa."

Inspekta aliinuka, akapangusa magoti. Kilichokuwa kikimsumbua tangu aingie hakikuwa sakafuni, kilikuwa ukutani. Stendi nne za chuma zilikuwa zimeegemezwa pale kwa mpangilio, kubwa nyuma na ndogo mbele, na jeki imewekwa pembeni yake, mkono wake umelazwa.

"Sajini, wewe ukiiba gari la watu mchana kweupe, utalishusha kwenye stendi, halafu uzifute vumbi na kuzipanga kama vyombo vya jikoni?"

Sajini alizitazama zile stendi. "Labda ni mwizi msafi."

"Labda. Au gari lilishushwa kabla mwizi hajafika. Njoo huku uangalie kokoto."

Njia ya kutoka gereji mpaka getini ilikuwa ya kokoto. Karibu na mlango palikuwa na vishimo viwili vilivyochimbika, na kokoto kadhaa zilikuwa zimerukia ndani ya gereji, nyingine mpaka chini ya meza ya kazi.

"Gari lilikuwa limeelekea nje," Inspekta alisema. "Gari linalovutwa kwa kamba linaburuzwa tu, halirushi mawe nyuma. Haya yamerushwa na matairi ya nyuma yaliyokuwa yanasukuma. Mtu alikanyaga mafuta kwa pupa."

"Lakini halina klachi!"

"Ndiyo maana nina hamu."

Alivaa glavu, akaenda kwenye rafu. Pale juu lilikuwepo boksi la klachi mpya, limefungwa. Ndilo lililotajwa katika maelezo ya mashahidi wote. Mzee alisema liko pale na halijafunguliwa. Muuza vipuri aliyemuuzia, mtu anayejulikana mji mzima kama Bwana Spea, alisema vivyo hivyo: alikuja wiki iliyopita kumjulia hali mzee, akaliona boksi kwa macho yake, klachi mpya imo ndani. Inspekta alilishusha. Lilikuwa zito kama inavyotakiwa. Alilifungua taratibu.

Ndani mlikuwa na pleti ya klachi iliyolika mpaka ribiti zikatokeza, nyeusi, imeungua ukingoni. Chini yake kilikuwepo kifuniko chake cha chuma, nacho kina mikwaruzo ya miaka.

"Hii ndiyo mpya?" Sajini aliuliza.

"Hii imekula chumvi nyingi kuliko wewe."

Sajini alikuna kichwa. Kisha, kwa kuwa chini ya ukaidi alikuwa mtu wa haki, akasema polepole, "Basi mpya iko kwenye gari."

"Na kama iko kwenye gari, gari linatembea. Na kama linatembea, mwizi hakuhitaji gari la kuvuta. Alihitaji ufunguo tu." Inspekta alielekeza kidole kwenye msumari mtupu kando ya swichi ya taa. "Na huo ulikuwa unaning'inia pale, kila aliyewahi kuingia humu aliuona."

*

Kinyozi wa kwenye kona alikuwa na mteja aliyenyolewa nusu kichwa. Alipoona polisi, alisimamisha mashine hewani.

"Mmerudi? Jana nilimweleza huyu afande mwenye masharubu, akafunga kalamu kabla sijamaliza."

Sajini alikohoa.

"Nieleze mimi," Inspekta alisema.

"Nililiona gari la kuvuta la yule kijana, ndiyo. Lilipita tupu, likaenda zake chini. Hilo ndilo lililoandikwa. Halafu baadaye kidogo likapita gari jekundu, dogo, la viti viwili. Hilo halikuandikwa."

"Kwa nini hukusema ni la Fundi Saa?"

"Kwa sababu si lake!" Kinyozi alicheka. "Dada yangu, lile la Fundi mtaa mzima tunalijua kwa kilio chake. Likifika hapa kwenye kona, akiingiza gia ya pili, linapiga kelele kama mbuzi aliyekanyagwa mkia. Watoto wanaliigiza. Hili la jana lilikata kona, gia ya pili ikaingia laini, kimya, kama kisu kwenye siagi. Nikajisemea, kumbe kuna mwingine mjini ana gari kama lile, tena zima."

"Dereva ulimwona?"

"Gari zuri namna ile, nani anatazama dereva?"

"Kofia ya bluu," mteja alisema ghafla, bila kugeuza kichwa. "Alikuwa mnene, ameshikilia usukani kama amekumbatia ngoma. Sasa nimalizie nywele, nina kikao."

Mpwa wa Fundi Saa, Inspekta alikumbuka, alikuwa mwembamba kama kamba ya kiatu.

*

Waliporudi, mke wa Fundi Saa alikuwa anafagia ukumbi wa mbele. Alikuwa mama mfupi wa miaka sitini hivi, fundi cherehani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Inspekta alisimama getini akimtazama. Mama alikuwa amejikunja mno. Ufagio wake ulikuwa wa kisasa, wa mpini mrefu, ila mpini wenyewe ulikuwa umekatwa katikati, na mahali pa kukatwa palikuwa peupe, mbao mpya.

"Mama, mgongo hautauma?"

"Nimeuzoea, Inspekta." Alitabasamu kidogo bila kuinua macho. "Mwanangu amekula huko mlikomweka?"

"Amekula."

"Msimfunge mikono. Hajawahi kunyanyua hata sauti."

Inspekta alirudi gereji moja kwa moja. Alivuta droo za meza ya kazi moja baada ya nyingine, na katika ya chini kabisa, chini ya matambara, akapata alichokuwa anatafuta ingawa hakujua kina umbo gani. Kilikuwa kipande cha mpini wa ufagio. Ncha moja ilikuwa imechongwa ikawa nyembamba, na juu yake kidogo palizungushiwa utepe wa kitambaa, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukawa mnene kama kidole gumba. Utepe ule ulikuwa na alama za oili na grisi.

"Mchi wa kutwangia?" Sajini alijaribu.

Inspekta alichukua pleti ya zamani, akaingiza kipande kile kwenye tundu la katikati. Kilikaa sawasawa, hakikucheza. Alitoa simu, akampigia mkuu wa gereji ya polisi.

"Mkubwa, mtu anayefunga klachi nyumbani, fimbo ya ufagio anaitumia kufanyia nini?"

Upande wa pili palisikika nyundo, kisha kicheko. "Ya kulengea katikati, afande! Pleti inakaa kati ya injini na kifuniko chake. Ukikaza kifuniko na pleti imeenda upande hata kidogo, shafti ya giaboksi haiingii, utasukuma mpaka kesho. Kiwandani wana kifaa chao. Nyumbani unachonga fimbo, unazungushia selotepu mpaka ilingane na tundu, unaishikiza pleti, unakaza, unachomoa. Kwani unabadilisha klachi?"

"Nabadilisha mawazo. Ahsante."

Alikata simu, akakisogeza kile kipande mwangani. Hapakuwa na selotepu. Mwisho wa utepe ulikuwa umeshonwa. Mishono midogo, imelingana, imefichwa kwa ndani kama ya pindo la gauni la arusi.

"Sajini," alisema, "kaa hapa kidogo. Nitaingia peke yangu."

*

Chumba cha kushonea kilikuwa na dirisha kubwa, cherehani mbili, na milima ya vitambaa. Vyote vilivyokuwa vikishonwa vilikuwa vya rangi nzito: bluu, kahawia, nyeusi. Vile vyeupe vilikuwa vimekunjwa pembeni, vinasubiri. Mama alikaa kwenye stuli yake, na Inspekta akaona mstari mweusi chini ya kila kucha yake, ule ambao sabuni huukataa.

Akakiweka kile kipande cha mpini juu ya meza.

Mama alikitazama kwa muda. Kisha akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"Nilijua ule ufagio utaniumbua."

"Klachi uliifunga wewe, mama?"

"Mimi. Mchana, mzee akilala. Alikuwa na mikono, Inspekta, mikono yake ilikuwa inashika vitu ambavyo mimi siwezi hata kuviona. Sasa inatetemeka. Siku moja nilimkuta chini ya gari, amelala chali, nati imemdondokea mara ngapi sijui, analia. Akaniambia, nikishindwa na hii, nimeshindwa na yote. Akafunika gari kwa shuka. Akasema mtu yeyote asiliguse."

"Wewe ukaligusa."

"Nikatazama kwenye simu watu wanavyofanya. Kila boliti niliizungushia uzi wa rangi yake, na pale inapokaa nikafunga uzi wa rangi hiyo hiyo, nisichanganye. Giaboksi ni zito, basi nikashona mkanda wa turubai, nikaupitisha kwenye tundu la mkono wa gia, nikaufunga kwenye ubao niliolaza ndani ya gari, juu ya vizingiti vya milango. Unavuta kidogo kwa mkanda, unapandisha jeki kidogo. Mara ya kwanza ilinigomea. Nikalia, nikaenda kupika, nikarudi."

Inspekta alijikuta anatabasamu, akakumbuka kazi yake. "Boksi je? Kwa nini uliweka ile kuukuu ndani?"

"Mzee anaingia gereji mara nyingine, hatazami gari, anainua tu boksi. Nilitaka alikute zito. Nilikuwa nasubiri siku nzuri, nimwambie, mume wangu, njoo umalizie boliti ya mwisho. Akaze ile moja, liwake. Aone amelimaliza yeye."

"Na jana, polisi walipomchukua mpwa wake kwa sababu gari haliwezi kutembea, ukanyamaza."

Mama aliifunika mikono yake kwa kitambaa. "Nilidhani watamwachia asubuhi. Nikasema usiku mmoja tu. Halafu asubuhi nikasikia mahakama. Tangu hapo nafagia tu."

Nje, kwenye ukumbi, Sajini alikuwa akitembea huku na huku, viatu vyake vikigonga.

"Mama, nisaidie jambo moja. Nani mwingine alijua gari linatembea?"

"Hakuna."

"Fikiri. Ulifanya yote bila kumwuliza mtu?"

"Yote," alisema, kisha akasita. "Isipokuwa pale nilipokosea."

"Ulikosea nini?"

Mama alicheka kwa aibu, akafunika mdomo. "Pleti ina sura mbili, upande mmoja una springi zimetokeza, mwingine uko bapa. Mimi ni fundi cherehani, Inspekta. Kitambaa kikiwa na upande mzuri, upande mzuri unakaa nje, ndipo watu wauone. Nikaona ule bapa umenyooka, umependeza, nikasema huu ndio uso, nikauelekeza kwenye giaboksi. Nikafunga kila kitu. Nikawasha, nikakanyaga klachi, gia haziingii. Hata moja. Nikakata tamaa kabisa. Nikaenda kwa Bwana Spea."

Inspekta hakusogea. "Ukamwambia nini?"

"Nikamweleza nilivyofanya. Akacheka mpaka akashika tumbo. Akasema, mama, umeivalisha nguo nje ndani, springi zinakaa upande wa giaboksi, kafungue uigeuze. Nikamwapisha asimwambie mzee. Nikafungua upya, nikageuza. Wiki iliyopita nikapita dukani kwake kumshukuru. Nikamwambia sasa imekubali, hata gia ya pili hailii tena."

"Wiki iliyopita," Inspekta alirudia.

"Ndiyo. Akanipongeza. Akauliza kama mzee ameshajua, nikasema bado. Akauliza kliniki yake ni lini, anajali sana afya ya..." Sauti ya mama ilikatikia hapo.

"Mama, Bwana Spea aliandikisha maelezo jana. Anasema wiki iliyopita aliiona klachi mpya kwenye boksi, haijaguswa. Anasema gari lile lisingeweza kusogea bila kuvutwa. Ndiye aliyewataka wenzangu wamtafute mtu mwenye gari la kuvuta."

Mama alisimama, akakaa tena. "Amewahi kutaka kulinunua. Mara nyingi. Mzee akawa anamfukuza kwa utani."

"Mtu aliyekufundisha kuigeuza pleti anatuambia haijatoka kwenye boksi. Yule mtu ana kofia?"

"Ya bluu," mama alisema. "Haivui hata akiwa ndani."

Inspekta alifungua dirisha. "Sajini! Chukua gari na vijana wawili, nendeni stoo ya Bwana Spea. Msimpigie simu. Na umwambie afisa wa zamu, kijana yule asipelekwe popote mpaka nimesema."

Sajini alisimama kidogo chini ya dirisha, masharubu yakicheza. "Kumbe lile gari jekundu la kinyozi."

"Ndilo."

"Nilifunga kalamu mapema, afande."

"Kaifungue. Nenda."

*

Inspekta alirudi kukaa mbele ya mama. "Nitahitaji maelezo yako kwa maandishi. Bila hayo, ni neno la Bwana Spea, na la mpwa wako ambaye hana shahidi. Na yakisomwa mahakamani, mzee atakuwepo."

"Atasikia mbele za watu."

"Au asikie sasa, kwako, kwenye kiti chake. Mimi siwezi kukuchagulia."

Mama alichukua kile kipande cha mpini, akatoka nacho. Inspekta alimfuata, akasimama mlangoni mwa sebule, si ndani wala nje.

Fundi Saa alikuwa amekaa karibu na dirisha, mikono imefichwa katikati ya magoti. Mkewe alikaa kwenye mkeka karibu na miguu yake, akaanza kueleza. Alieleza yote bila kujitetea, nyuzi za rangi, mkanda wa turubai, uso wa pleti, Bwana Spea, na ule usiku mmoja aliodhani ni mmoja tu. Alipomaliza, mzee alikipokea kile kipande. Kikatetemeka naye. Akakigeuza, akakisogeza karibu na macho kama alivyokuwa akisogeza saa za watu, akachunguza mshono.

"Kijana yuko ndani kwa sababu yangu," alisema hatimaye.

"Kwa sababu yangu mimi," mkewe alisema.

"Mimi niliwaambia polisi klachi iko kwenye boksi. Na sikufungua boksi. Niliogopa kulifungua." Aliinua kichwa. "Binti, wewe wa polisi. Yule kinyozi alisema nini hasa?"

"Alisema halikuwa gari lako, mzee. Lilikata kona likaingia gia ya pili bila kulia."

"Bila kulia?"

"Kimya kabisa. Ndiyo maana alikataa kwamba ni lako."

Kitu fulani kilianza usoni mwa mzee, taratibu, kwenye kona za macho. "Tangu nilinunue," alisema, "sijawahi kuingiza gia ya pili bila kulia. Hata lilipokuwa na klachi mpya ya mwanzo." Akamtazama mkewe. "Ulipaka grisi kwenye meno ya shafti?"

"Kidogo sana. Kwa ncha ya sindano ya kutia mafuta cherehani."

"Kidogo sana," mzee alirudia. "Mimi nilikuwa napaka nyingi. Kumbe."

Simu ya Inspekta ikalia. Alikuwa Sajini, anahema. Gari liko stoo, nyuma ya marundo ya milango mibovu, limefunikwa turubai. Bwana Spea anasema aliuziwa na mtu asiyemjua. Ufunguo umo mfukoni mwake, na kwenye ufunguo kuna uzi mwekundu umefungwa.

"Uzi huo ni wangu," mama alisema aliposikia. "Nilifunga nisiuchanganye na wa mlango."

"Basi mwacheni kijana aende," Inspekta aliagiza. "Sasa hivi. Mlete mwenyewe, Sajini, na umwombe radhi njiani."

Alipokata simu, mzee alikuwa amesimama. Mikono yake ilikuwa nje, wazi, inatetemeka mbele ya watu wote wawili, na hakuirudisha.

"Akifika, nitamwomba radhi kabla hajavua viatu," alisema. "Halafu atakula." Akamgeukia mkewe. "Na gari likirudi, utaliendesha wewe."

"Mimi? Nimeliendesha mpaka getini tu."

"Utaliendesha mpaka kwenye kona ya kinyozi. Mimi nitakaa kiti cha pembeni." Akampa kile kipande cha ufagio akishike. "Ukifika pale, ingiza ya pili. Nataka kuisikia."